Nitatia Uzi Mwenyewe

Mwanangu Wanjiru,

Shuleni walitufundisha kuanza barua kwa kusema mimi ni mzima, sijui wewe. Lakini wewe najua. Saa hizi uko Kerugoya kwa shangazi yako, umewekewa chapati nyingine na unasema umeshiba huku mkono unazifuata. Utarudi na basi la jioni. Mama yako ameshuka shambani kuangalia kahawa, ingawa leo ni Jumapili na kahawa haiendi popote. Nadhani ametaka kulia kidogo bila mimi kumwuliza maswali. Mimi nimebaki hapa barazani, nimeifunika cherehani na kuigeuza meza yake kuwa dawati. Barua hii nitaiweka juu ya sanduku lako, nitaipitisha chini ya mkanda, ili usiweze kulifungua wala kulibeba bila kuigusa kwanza.

Najua neno la kwanza limekushtua. Sijawahi kukuita mwanangu. Tangu siku uliyozaliwa nimekuita Mama, kwa sababu kwetu msichana wa kwanza huchukua jina la mama mzazi wa babake, na ukishachukua jina umemchukua na mwenyewe. Ndiyo maana leo naandika Kiswahili. Kwa Kikuyu kalamu yangu ingeteleza. Ningeandika Mama kabla sijamaliza mstari wa pili, kisha ningeanza kukuomba ushauri badala ya kukupa. Kiswahili nilijifunza kazini, nikiwa kijana mwenye ndevu tayari, na ndani yake ninapata nafasi kidogo ya kuwa baba yako.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji, wala za joto la Isiolo, wala za vijana watakaokuambia wana ng'ombe wasiohesabika. Hayo mama yako atakuambia kesho kituoni, kwa sauti, mbele ya watu. Mimi nataka tuzungumze juu ya lile neno ulilosema Jumatano jioni tukiwa tunakula.

Ulikuwa umeiweka barua ya kazi ya uuguzi ya Isiolo chini ya redio tangu siku ilipofika, na sisi wawili tulijitia hamnazo. Kisha ukaweka kijiko chini ukasema, "Baba, mimi nimeamua. Nitaenda kwa ofisi ya afya huko Nyeri niwaambie wanipatie hapa Mukurweini. Isiolo wapeleke mtu mwingine."

Nikakuuliza kwa nini.

"Si unajua. Nani atakuwa anakuwekea uzi?"

Ulisema huku unacheka. Mama yako hakucheka, aliongeza githeri kwenye sahani yangu ambayo haikuwa imeisha. Nami nitakuambia ukweli ambao sikuusema pale mezani: nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikaona haya. Nilijiona nimekaa hapa barazani miaka yote inayokuja, wewe ukitoka zamu yako na gauni jeupe, ukiinama juu ya cherehani, unalamba ncha ya uzi na kuupitisha mara moja kama vile tundu la sindano ni mlango wa kanisa. Nikalala na furaha hiyo. Asubuhi ilikuwa imechacha.

Tangu siku hiyo sanduku umelifunga, lakini ukiulizwa unasema, "Wacha tuone kesho." Kesho yenyewe ndiyo hii inayokuja. Basi la Nanyuki linaondoka Karatina mapema, na sijui kama utakuwa ndani yake. Kwa hiyo nimekaa kukuandikia.

Unajua kwamba kazi hii nilijifunza Nyeri mjini kwa Fundi Athumani, mtu wa Mombasa aliyepanda huku bara akiwa bado na meno yake yote. Unajua hadithi zake za kuchekesha, maana ndizo nilizokusimulia. Alikuwa akivaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, na alikataa kabisa kushona suruali ya mtu ambaye hakuoga. "Nenda kajimwagie maji kwanza," alikuwa akisema, "nami nikuheshimu, nawe uiheshimu kamba yangu ya kupimia." Kwake nilijifunza kukata kola, kupiga mfuko wa siri, na kusema tafadhali. Mwaka wa uhuru tulishona bendera mpaka uzi mweusi ukaadimika mjini. Nilidhani hakuna mtu duniani mwenye raha kuliko mimi.

Sehemu ambayo sikukusimulia ni hii. Macho yake yalikwisha. Alianza kuniita kidogo kidogo. "Kijana, hebu nitilie uzi, mkono huu umekufa ganzi." Siku nyingine mkono haukufa ganzi, taa ndiyo ilikuwa mbaya. Siku nyingine sindano za siku hizi hazina matundu kama za zamani. Mimi nikamtilia. Wakati huo nilikuwa nimehitimu kitambo. Mwenzangu mmoja alikuwa amefungua kibanda pale Kerugoya, akanitumia ujumbe kwamba kuna nafasi ya cherehani ya pili, niende upesi. Nikajibu siwezi, nina mzee wa kuangalia.

Nilijiona mtu mwema sana, Wanjiru. Nilitembea na wema huo mjini kama koti jipya. Lakini ukikaa mahali kwa huruma, huruma yenyewe haikai. Baada ya muda nilianza kuchelewa asubuhi makusudi. Nikawa namwona uzi umemtoka, na mimi najifanya natafuta chaki chini ya meza, ili tu anihitaji, aniite, na nimsikie akiniita. Akiniita naitika kwa mdomo mrefu. Nilikuwa nikimhesabia moyoni kila kitu nilichokikosa, na yeye masikini hakuwa ameniomba nikikose.

Mama yako ndiye aliyenishtua. Alikuwa Nyambura tu wakati huo, msichana aliyeleta gauni lifupishwe na kurudi wiki iliyofuata lirefushwe, mpaka hata mimi nikaelewa haji kwa sababu ya gauni. Nikamweleza mpango wangu wa kungoja, kwamba tutaoana mzee akishapumzika. Akaniangalia kuanzia viatu mpaka kofia.

"Ati ningoje? Mimi sitaki kuolewa na mtu ako na bibi tayari," akasema. "Na bibi yenyewe iko na ndevu."

Nilicheka, kisha sikucheka. Kesho yake nikapiga moyo konde, nikamwambia Fundi Athumani kwamba naondoka. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya kumfariji. Yeye aliweka mkasi mezani, akavuta pumzi ndefu, akasema, "Alhamdulillahi. Nilidhani hutaondoka kamwe."

Akafungua mtoto wa meza, akatoa miwani. Ilikuwa imefungwa kwenye kitambaa cha hariri, safi kama imetoka dukani leo.

"Hii ninayo tangu mwaka juzi," akasema. "Ningeivaa, wewe ungejiona una kazi gani hapa? Nikasema, huyu kijana hana kwa kwenda, na mimi sina moyo wa kumfukuza. Wacha niwe kipofu kidogo."

Miaka yote ile kila mmoja alikuwa amemfanyia mwenzake hisani, na hisani hiyo ilikuwa imetuchosha sisi wote wawili. Alivaa miwani yake mbele yangu, akatia uzi mwenyewe, akaniambia shati langu lina doa. Nilipomtembelea baadaye na mama yako nilimkuta anaimba, amechukua kazi ya kushona sare za bendi, na hakuniuliza hata mara moja ni nani anayemtilia uzi.

Sasa utaniuliza: kama nilijua yote haya, mbona nikakufanyia wewe yaleyale? Hapo ndipo linapokuja jina lako.

Sijui kama watu wa makabila mengine wanaweza kufanya kosa hili. Pengine wanalo lao. Sisi tukimpa mtoto jina la mama tunamwita mama, na tunacheka, na majirani wanacheka, na mtoto anakua akijua yeye ni mtu mkubwa. Ukiwa umeng'oka meno ya mbele, hujaota mengine, ulikuwa unasimama mlangoni, mikono kiunoni, unaniuliza, "Kijana yangu, umenawa?" Nami nilikuwa nakimbia kunawa. Wateja wangu walikuwa wakikuletea ndizi ili waone ukinigombeza. Ilikuwa raha tupu, na sijutii hata kidogo.

Lakini nyanya yako alipofariki, nilisahau kwamba ule ulikuwa mchezo. Ulikuwa darasa la nne. Nilitoka mazishini nikakaa hapa kwenye cherehani, wewe ukaja ukakaa kwenye kile kiti kifupi, nikaanza kukueleza. Nilikueleza habari za mashati ya kiwandani yaliyokuwa yameanza kuletwa kutoka Nairobi, jinsi yanavyoninyang'anya kazi. Nilikueleza habari za maumivu ya mgongo. Nilikueleza kwamba sikuwahi kumuaga mama yangu vizuri. Wewe ulisikiliza, mashavu yamekaa juu ya viganja, ukaniambia, "Pole, kijana yangu. Itakuwa sawa." Nikapoa kabisa. Nikasema moyoni, kumbe bado ninaye.

Kuanzia siku hiyo nilikuwa nakuletea kila kitu. Wenzako walikuwa wakicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, pale nyuma ya soko, sauti zao nazisikia mpaka sasa, na wewe uko kwenye kiti kifupi unasikiliza habari za mgongo wangu. Hukuwahi kulalamika. Na macho yangu yalipoanza kufifia sikuona haja ya kwenda kokote, nilikuwa na Mama. Mama yako halisi, yaani Nyambura, alikuwa ameshaanza naye kutoona. Utakumbuka ile siku tuliyopambana na sindano moja sisi wawili, yeye ameshika uzi, mimi nimeshika sindano, kila mmoja anamlaumu mwenzake anatikisika, mpaka tukamtuma mtu akuite kutoka kwaya. Ulikuja mbio ukidhani kuna ajali.

Watu walicheka, na mimi nilicheka kuliko wote. Miwani sikutaka. Nilisema mteja akiona fundi amevaa miwani atapeleka suruali yake Karatina. Hayo yalikuwa maneno ya mdomoni. La ndani ni kwamba nilipenda kuitwa kijana, na miwani si ya vijana.

Alhamisi iliyopita niliwaambia naenda Nyeri kununua uzi. Uzi nilinunua, sikudanganya. Lakini kwanza nilikwenda pale wanapopima macho. Nilisomeshwa herufi ukutani na msichana wa rika lako, na nikamdanganya herufi mbili kwa aibu, akacheka, akaniambia, "Mzee, hapa si mtihani, hakuna kuanguka." Jina hilo la mzee lilinichoma kidogo. Kufika kituo cha basi lilikuwa limeshapoa, na kufika hapa kwetu Gakindu nilikuwa nimeanza kulizoea. Nikashuka nikiwa nimevaa miwani yangu mfukoni, maana usoni bado sikuthubutu.

Ijumaa nilingoja mpaka mtoke, wewe na mama yako, ndipo nikaivaa. Nikachukua nguo ya kwanza iliyokuwa karibu, kaptura ya shule niliyokuwa nimeimaliza asubuhi ile.

Wanjiru, niliogopa. Mfuko ulikuwa umeinama kama mlevi. Mshono wa nyuma ulianza vizuri, ukapotea njia, ukarudi nyumbani kwa kupitia kwa jirani. Nikajiuliza, hivi watoto wa Gakindu wote wanatembea na mifuko ya namna hii, na hakuna mzazi aliyekuja kuniambia? Nikaenda kwenye rafu ya nguo zilizokwisha, zile zilizokuwa zinangoja wenyewe. Nikazigeuza moja moja. Zote zilikuwa zimenyooka.

Nilikaa chini. Nilizitazama tena kwa ndani, palipokatiwa uzi. Mimi hukata uzi nikauacha na mkia mdogo, Fundi Athumani alinifundisha hivyo. Hizi zilikuwa zimefungwa fundo dogo, mara mbili, safi, lile fundo mnalofundishwa kufunga huko kwenye chuo cha wauguzi. Nikaelewa ni kwa nini, miezi yote hii uliyokaa nyumbani ukingoja kazi, hukuwahi kutaka kwenda nami Karatina siku za soko. Mimi nikiondoka kutafuta vitambaa, wewe unafumua kazi yangu na kuishona upya. Nikirudi unaniwekea chai, unaniuliza, "Soko ilikuwa namna gani, kijana yangu?"

Nililia, nikwambie wazi. Nililia kwa sababu nilipendwa namna hiyo bila kujua, na kwa sababu niliona mambo yanakoelekea. Nilijiona nikimtilia mzee uzi pale Nyeri na kutembea na wema wangu mjini. Wewe ni bora kuliko nilivyokuwa, hujawahi kuniitikia kwa mdomo mrefu. Lakini hujakaa miaka. Sitaki ukae mpaka siku utakayoniona uzi umenitoka ukajifanya unatafuta chaki.

Sasa nisikilize habari za uzee, maana naona unauogopa kwa niaba yangu, na mimi ndiye niliyemo.

Fundi wa nguo huona uzee kabla ya daktari. Nimewapima wanaume wa hapa tangu wakiwa vijana. Wakati ule kahawa ilipopata bei, wote walikuja wakitaka bugaluu, zile suruali zilizofagia barabara, na viuno vyao vilikuwa vidogo kama vya nyigu. Nilizishona nyingi mno, nikadhani mtindo ule hautakwisha, nikanunua kitambaa cha kutosha kijiji kizima. Mtindo ukaisha kabla ya kitambaa. Ndiyo maana mapazia yetu, na mto wa kiti cha mama yako, na ule mfuko wako wa vitabu, vyote vilikuwa vya rangi moja ya zambarau. Sasa umejua.

Baada ya hapo wakaanza kurudi na suruali zilezile. "Fundi, hii nguo imeingia maji ikajivuta." Hakuna nguo iliyojivuta, walikuwa wamepata wake wanaojua kupika. Nikawaongezea viuno. Wakaja tena, nikaongeza tena, mpaka kitambaa cha ndani kikaisha. Na sasa, mwanangu, wale wa kwanza kati yao wameanza kuja nipunguze. Huyu anakuja na suruali ya arusi, anasimama mbele yangu, nami nakunja kile nilichokikunjua zamani, alama za sindano zangu za kwanza bado zipo. Siku za mwanzo nilidhani ni jambo la huzuni. Siku hizi nafurahi. Tunakaa, tunapiga soga, namwambia, "Bwana, umerudi kiuno cha ujana," naye anasema, "Basi nitafutie bibi." Kamba yangu imewazunguka watu hawa maisha yao yote. Sijui ni ofisi gani Nairobi ingenipa kazi tamu kama hiyo.

Mashati ya kiwandani yamekuja, na hayakuniua. Yanakuja na vifungo vilivyoshikiliwa na uzi mmoja, na mimi ndiye ninayevishona tena. Nina baraza ninapoiona mvua ikivuka bonde kutoka huko mlimani kabla haijatufikia, na napata nafasi ya kuingiza nguo za watu. Nina redio. Nina mama yako, anayerudi kutoka kiwanda cha kahawa na mikono inayonuka maganda, ananiambia nani kagombana na nani kwenye foleni, na hunihadithia vizuri kuliko redio. Mgongo unauma asubuhi na unasahau ikifika saa nne. Nimeridhika, Wanjiru. Sisemi hivi ili uende. Nasema hivi kwa sababu ndivyo ilivyo, na nilikuwa sijakuambia. Uchungu nilikuletea kila siku pale kwenye kiti kifupi, raha nikawa nakula peke yangu.

Jambo moja tu ningependa ulibebe kutoka kwangu, na silo agizo. Huko uendako utauguza wazee wa watu. Watakupenda upesi, nakujua. Watakuita binti, watakuita mama, wengine watakataa dawa isipotoka mkononi mwako. Waache wakupende, lakini zamu ikiisha, nenda nyumbani. Osha miguu, pika chakula unachokitaka wewe, cheka na wenzako. Ukikuta pahali wanacheza kati, ingia, hata kama umevaa gauni la kazi. Ninakudai michezo mingi na sina njia ya kukulipa isipokuwa kukuachilia uende ukaicheze.

Na mlima. Umeuona maisha yako yote kutoka upande huu wetu. Wanasema ukiwa Isiolo unauona kwa nyuma. Niandikie unavyoonekana. Mimi na mama yako tumebishana sana: yeye anasema ni uleule, mimi nasema haiwezekani kitu kikubwa namna ile kikawa na uso mmoja. Barua yako itaamua, na atakayeshindwa atachota maji wiki nzima.

Ukija likizo nitakuita Mama kama kawaida, usidhani umeponyoka. Jina ni lako na nyanya yako hangekubali nilifiche. Ila tutakuwa tumeelewana kwamba ni jina la mapenzi, si kazi.

Jua limeshafika kwenye mlango wa kinyozi jirani yetu, kwa hiyo basi lako haliko mbali. Nimalize.

Chini ya barua hii utakuta gauni jeupe la kazi. Kitambaa nilikinunua Alhamisi ileile, na jana mlipokwenda sokoni wewe na mama yako nililishona lote. Uzi nimeutia mwenyewe. Haukuingia upesi, na nimeitukana sindano kwa lugha tatu, lakini umeingia. Utalikagua, najua utalikagua, hata ukiwa umekasirika na barua yangu. Utaona kola imekaa, mifuko imelingana, pindo limenyooka kote. Kisha utaligeuza ndani, na kwenye ubavu wa kushoto utakuta mahali mshono umepinda. Pale nilikuwa nimevua miwani kupangusa macho, nikaendelea kushona kabla sijaivaa.

Niliuona, mwanangu. Niliuona mwenyewe, kwa macho yangu, nikaamua kuuacha. Livae kesho ndani ya basi, na mshono ule usiufumue.

Baba yako